Akisema "tumemalizana nje ya korti", uliza haya kwanza

UZI. Hapa hatutaji mtu wala chama, mnajua kanuni.

1/ Kila wiki tunabishana kitu kimoja. Mtu anatangaza mbele ya kamera kwamba anaipeleka kaunti kortini, miezi sita baadaye kesi imeisha kimya. Upande mmoja unasema amenunuliwa. Upande wa pili unasema amekomaa. Swali lenye maana halijaulizwa bado: hiyo kesi angeishinda, angepata nini mkononi? Na je, ilikuwa yake peke yake kuimaliza?

2/ Tuanze na deni, maana hapo ndipo wengi wanaumia. Tuseme mama mmoja (ni mfano tu, msiniulize wa wapi) aliipelekea hospitali ya kaunti mboga na maziwa ya Sh800,000. LPO anayo, na karatasi zilizotiwa sahihi kwamba mzigo ulipokelewa anazo. Mwaka umepita. Kila akienda ofisini anaambiwa pesa hazijatoka Nairobi. Siku moja anapigiwa simu: "Mama, kubali 550,000 tumalize hii maneno."

Akubali ama aende korti?

3/ Mitandaoni jibu ni rahisi: washtaki hao! Na kweli kesi yake ni nzuri. Deni liko chini ya Sh1 milioni, kwa hivyo ni la kiwango cha Korti ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya 2016. Huko sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Na makaratasi yale, ana nafasi kubwa ya kushinda.

4/ Sasa sikiliza sehemu ambayo hawakwambii.

Ukimshinda jirani na akatae kulipa, unatuma dalali, gari lake linapigwa mnada. Ukiishinda serikali huwezi kufanya hivyo. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi za Serikali kinakataza kukamata mali ya serikali ili kulipia deni la hukumu, na kaunti nazo zimo. Gari la gavana utaliona likipita tu.

Kinachobaki ni kuchukua cheti cha amri kortini na kumpelekea afisa anayesimamia pesa. Asipolipa, unarudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha alipe. Akipuuza na hiyo, unaomba aadhibiwe kwa kudharau korti. Hizo hatua zote ni BAADA ya kushinda. Kila moja ina ada yake, nauli yake, na tarehe yake ya kuahirishwa. Na gharama za kesi utakazorudishiwa mara nyingi hazifikii ulichotumia.

5/ Kwa hivyo 550,000 si lazima iwe ujinga. Kwa mtu ambaye mkopo wa sako unamla kila mwezi, inaweza kuwa ndiyo hesabu nzuri zaidi. Lakini "kubali" ya kwenye simu si suluhu. Mama aulize: aliyepiga ana mamlaka ya kutia sahihi? Pesa zitatoka bajeti ya mwaka gani? Mwaka wa fedha wa serikali unaisha Juni 30, kwa hivyo ahadi ya mwezi wa tano na ahadi ya mwezi wa nane ni vitu viwili tofauti kabisa. Na kwenye karatasi kuwe na sentensi hii: zisipolipwa kufikia tarehe fulani, deni linarudi kuwa 800,000 lote.

Wakikataa hiyo sentensi, basi ushajua walikuwa na mpango gani.

6/ Kama kesi iko kortini tayari, usiiondoe kwa ahadi. Makubaliano yaandikwe, yapelekwe kortini, yawe amri. Lile tatizo la kukamata mali bado litakuwepo, ila hautaanza kesi upya. Kumbuka pia amri ya aina hiyo ni ngumu kuivunja, labda uonyeshe ulaghai ama kosa kubwa. Inakufunga hata wewe. Ukitia sahihi kwamba umelipwa kikamilifu, ile 250,000 imeenda.

7/ Muda! Vikao vya chai havisimamishi saa. Madai ya mkataba kati ya watu binafsi yana miaka 6. Dhidi ya serikali ni miaka 3, na kama ni madhara, tuseme gari la serikali limekugonga, ni miezi 12. Mtu anaweza kuitwa mkutano baada ya mkutano mpaka muda ukaisha, halafu simu zikaacha kushikwa. Kufungua kesi hakuzuii kuongea. Wakati mwingine ndiko kunawafanya waongee vizuri. Hata mahakama zenyewe zina upatanishi wao, ulioanza kwa majaribio Milimani 2016.

8/ Hadi hapo tumeongea pesa ya mtu. Kesi ya uwanja wa umma ni hadithi nyingine. Wakazi watatu wameshtaki kwa niaba ya mtaa mzima, Katiba kifungu cha 22 kinawaruhusu. Halafu mmoja anatoka hotelini akisema "tumeelewana". Umeelewana kwa niaba ya nani, ndugu yangu? Kanuni za 2013 za kesi za haki za kikatiba zinasema korti inaweza kuendelea kuisikiliza kesi hata kama aliyeileta hataki tena.

Kesi za uchaguzi vivyo hivyo. Haziondolewi bila ruhusa ya korti, wahusika wanaapa kuhusu makubaliano yoyote waliyofanya, na mtu mwingine anayestahili anaweza kuomba kuiendeleza. Jinai nayo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na hata yeye anahitaji ruhusa ya korti kuiondoa.

9/ Kwa hivyo hasira zenu kwa wa namba 8 nazielewa. Mama wa namba 2 muacheni, hajasaliti mtu.

Lakini hata pesa yake inatoka kwa mfuko wetu sote. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuuliza, na sheria ya 2016 ya kupata habari inawapa siku 21 kukujibu. Andika barua, uulize mambo matatu: deni lilikuwa pesa ngapi, limelipwa kwa pesa ngapi, na mawakili wa kaunti walilipwa pesa ngapi kulipinga. Hiyo ya tatu msiisahau.