Kwa nini wanyama wengine wanazaa wote kwa msimu mmoja?

Mwindaji wa Walikale ao Mambasa anaweza kupasua mboloko jike mwezi wa pili, akakuta mtoto tumboni. Mwezi wa nane vilevile. Lakini huko Ulaya kuna mnyama mwenye pembe za matawi, kwa Kifaransa cerf, ambaye watoto wake karibu wote wanazaliwa kati ya mwisho wa mwezi wa tano na mwezi wa sita. Tofauti inatoka wapi?

Sababu ya kwanza ni mwanga. Ulaya, mchana wa mwezi wa sita ni mrefu sana, ule wa mwezi wa kumi na mbili ni mfupi. Usiku ukianza kurefuka, ubongo wa mnyama unatoa melatonini kwa saa nyingi zaidi, na mwili unaelewa kama wakati umefika. Dume na jike wanakutana mwezi wa tisa na wa kumi. Mimba inachukua karibu miezi minane, basi mtoto anazaliwa wakati majani ni mabichi na mama ana maziwa. Angezaliwa katikati ya baridi, angekufa.

Sababu ya pili ni chakula. Jike aliyeshiba anashika mimba mapema. Aliyekonda anachelewa, ao anakosa kuzaa mwaka ule. Hata sauti inasaidia: majike wanaosikia madume wakinguruma wanakuwa tayari mapema kidogo.

Hali ya hewa nayo iko ndani. Kwenye kisiwa cha Rum, Uskoti, watafiti waliona kama katika miaka 28 kukutana na kuzaa kumesogea mbele kwa siku 5 mpaka 12, juu joto limeongezeka.

Huku mashariki ni vingine. Ikweta inapita kati ya Butembo na Lubero. Mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima. Mboloko hana alama hiyo ya kufuata. Anazaa mwezi wowote, mtoto mmoja tu kwa mara.

Ndiyo maana dawa ya Ulaya haitoshi hapa. Wao wanaweza kufunga uwindaji wa majike wakati wa kuzaa na kunyonyesha. Katika pori la ikweta hakuna mwezi ambao mwindaji ana hakika kama jike hana mimba wala mtoto mafichoni. Na mtego wa waya hauulizi dume ao jike. Kinachobaki ni kupunguza mitego na kuacha sehemu za pori zipumzike mwaka mzima, kama watu wanataka watoto wao wamjue mboloko.