Kwenda Kamituga kwa gari moja: hesabu kwanza, safari baadaye

Wapendwa wa promosheni, wengi mmeniuliza: namna gani watu sita wa Bunyakiri, karibu wote bila kazi ya maana, tulifika Kamituga na kurudi bila kugombana? Ninawaelezea hapa. Safari ile ya Agosti 2022 ilinifundisha kitu ambacho miaka mitano ya agronomia haikunifundisha.

Sababu ilikuwa mdogo wangu. Alibakiza mwaka mmoja apate diploma ya sekondari, akasema anaacha masomo, anaenda kuchimba dhahabu. "Yaya, kule makuta iko." Sikumbishia. Nilimwambia tu: twende kwanza uone.

Njia si fupi. Bunyakiri mpaka Bukavu ni karibu kilomita 80, unapita ndani ya msitu wa Kahuzi-Biega. Bukavu mpaka Kamituga ni karibu 180 zingine, kwa barabara ya taifa namba 2, kupitia Burhale na Mwenga. Tulichagua Agosti kwa sababu ni kiangazi. Mvua ya Septemba ikianza, malori yanaweza kulala siku nyingi kwenye matope.

Mwenzetu mmoja, mwalimu, alikuwa anaenda kule kumwona shemeji yake. Jeep yake ya zamani ilikuwa na nafasi tano. Hapo ndipo tofauti na taksi: taksi inatafuta faida, sisi tuligawana gharama tu. Usiku kabla ya kutoka tulikaa, tukaandika kila kitu kwenye daftari moja. Chukueni mfano huu: mazutu dola 90, barieri 20, akiba ya pane 40. Jumla 150. Mwenye gari halipi, maana gari lake linachakaa. Watano waliobaki, kila mmoja dola 30. Andikeni pia siku ya kurudi, na nani anashika pesa. Mwenye pesa asiwe shofere.

Tairi ilipasuka mbele ya Burhale. Tulitoa dola 15 kwenye akiba, tukaandika. Zile 25 zilizobaki tuligawana tukirudi: tano tano. Hakuna aliyenuna.

Sasa Kamituga yenyewe. Ni mji uliozaliwa na dhahabu. Kampuni ya Wabelgiji, MGL, iliyoanzishwa 1923, ndiyo iliyofungua machimbo pale. Mwaka 1976 ikaunganishwa na zingine, ikawa SOMINKI. Mwaka 1982 Mobutu aliruhusu raia kuchimba kwa mikono. SOMINKI ilifika mwisho katika miaka ya 1990, Banro ikapewa eneo, lakini wachimbaji wa mikono wamebaki mpaka leo. Tarehe 11 Septemba 2020, mvua ilijaza mashimo, na watu wapatao 50 walihofiwa kufa.

Tuliona akina mama wakiponda mawe tangu asubuhi. Wanaitwa "twangaises", neno la Kifaransa lililozaliwa na kutwanga kwetu. Unga wa mawe unaoshwa, unachanganywa na zebaki, kisha zebaki inachomwa ili dhahabu ibaki. Ule moshi ni sumu, na sumu nyingine inateremka mtoni. Mimi macho yangu yalikwenda kwenye mabonde: udongo wa juu, ule unaolisha mihogo, umegeuzwa chini juu.

Lakini mdogo wangu hakushtuliwa na udongo. Alizungumza na kijana wa rika lake, mchimbaji. Yule alimweleza kwamba shimo linaweza kuchimbwa miezi mingi kabla ya kutoa kitu. Wakati huo bosi wa shimo, wanayemwita PDG, anakopesha chakula na vifaa. Dhahabu ikitoka, gharama zinakatwa kwanza, halafu wanagawana. Mdogo wangu akamwuliza: "Wewe unadaiwa ngapi?" Kijana akacheka: "Hiyo anaijua bosi."

Tukirudi, karibu na Mwenga, mdogo wangu alichukua daftari letu mbele, akalisoma mstari kwa mstari. Akaniuliza: "Yaya, kule nani anaandika?"

Alirudi shule Septemba. Sisemi shida imekwisha. Minervali ya mwaka ule tuliitafuta kwa kuuza mihogo na mawese, nayo ilichelewa.

Kwa wanaotaka kufanya safari kama ile: ilikuwa kabla ya vita kufika Bukavu, Februari 2025. Leo pigeni simu kwanza kwa watu walio njiani, na wakisema msitoke, msitoke. Siku mtakapoweza kwenda, daftari liwe wazi kwa wote ndani ya gari, hata kwa mdogo kuliko wote.