Geti la Loduare na Mgongo wa Bibi

Wanangu, mkitoka Karatu mjini kwenda Ngorongoro, lami huishia geti la Loduare. Hapo kila gari husimama. Dereva hushuka na makaratasi yake, nyani huzungukazunguka wakivizia dirisha lililoachwa wazi, na mlinzi ndiye mwenye uamuzi: huyu apite, huyu angoje. Hata uwe na gari la mbio namna gani, bila geti kufunguliwa hufiki ukingoni mwa kreta. Likumbukeni geti hilo, maana nataka kuwasimulia habari za mgongo wa bibi yangu.

Bibi alikaa Rhotia. Tangu usichana wake alibeba mgongoni kuni, maji na watoto, akalima mahindi na maharage kwa jembe la mkono kwenye udongo ule mwekundu. Nilipofika miaka 9, mgongo wake ulikuwa umeuma kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," naye kabla ya kuniitikia marahaba alishika kwanza mwimo wa mlango, akavuta pumzi. Siku moja alipelekwa hospitali, akapigwa picha ya eksirei, akaambiwa mifupa yake ni ya uzee tu, hana ugonjwa, arudi nyumbani. Wajomba wakaanza kunong'ona kwamba bibi anadeka. Nami, naona aibu kulisema hili mbele yenu, niliwaamini.

Bibi hakuwa akitega kazi wala kudeka. Ngojeni niwaeleze kilichokuwa kikiendelea.

Ukijigonga kidole cha mguu kwenye jiwe, kidole chenyewe hakijui kuuma. Kinatuma habari tu. Habari hizo hupita kwenye neva, nyuzi nyembamba zilizotandaa mwili mzima, zikaingia katika ugwe laini unaopita ndani ya uti wa mgongo, kisha zikapanda mpaka kwenye ubongo. Ubongo ndio unaosema, "Aah!" Na nyuzi hazifanani. Zile za mguso ni nene, zina ganda la mafuta, na habari hukimbia humo makumi ya mita kwa sekunde moja. Nyingine za maumivu ni nyembamba mno, hazina ganda, na habari hutembea humo kama mita moja tu kwa sekunde, mwendo wa punda mwenye mzigo. Ndiyo maana ukijigonga unasikia kwanza mchomo mkali, kisha, baada ya kitambo kidogo, yanakuja yale maumivu mazito yanayokufanya ukae chini. Mchomo wa kwanza ulipita kwenye nyuzi zenye mwendo wa kasi zaidi. Wa pili ndiye punda.

Sasa, ukijigonga unafanya nini bila kufundishwa na mtu? Unapasugua. Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza, walieleza kwa nini. Walisema ndani ya ule ugwe wa mgongo kuna kitu kinachofanya kazi kama geti. Habari za mguso zikifika kwa wingi, geti huwabania wale punda wa maumivu, wakapita wachache. Tangu hapo wataalamu wamegundua kwamba mambo ni magumu kuliko walivyoyachora wawili wale, lakini habari ya kuwapo kwa geti imebaki.

Mama anapokuchua goti kwa kiganja chake, basi, anafunga geti. Bibi alipojikanda kiuno kwa kitambaa cha maji ya moto, alikuwa akilisukuma geti bila kulijua jina lake. Warumi wa kale walikuwa na njia ya ajabu zaidi: tabibu Scribonius Largus, karibu miaka 2,000 iliyopita, aliandika kwamba mwenye kuumwa kichwa awekewe kichwani samaki wa baharini mwenye umeme mwilini! Siku hizi samaki ameachwa, kuna kimashine kidogo cha betri chenye vibandiko vya kuweka kwenye ngozi. Kinatuma umeme hafifu sana, mtu anahisi kama sisimizi wanatembea, na wengine hupata nafuu. (Umeme wa ukutani ni kitu kingine kabisa. Huo unaua. Msiuguse.)

Lakini geti hili lina mlinzi wa pili, naye yuko juu, kwenye ubongo. Mmepata kusikia habari za John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa Mbulu, majirani zetu? Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki kule Mexico City, alianguka, goti likaumia vibaya. Alifungwa bendeji akaendelea. Aliingia uwanjani jua limeshazama, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, akamaliza. Mtu akiwa na jambo kubwa mbele yake, ubongo unaweza kutuma amri chini kwamba geti libanwe. Na unaweza kutuma amri ya kinyume pia. Hofu, kukosa usingizi, upweke, kuambiwa kwamba unadanganya: hayo yote hulifungua geti.

Mmeona sasa? Maneno yetu yalimuumiza bibi moyoni, na yakamwongezea maumivu ya mgongo wenyewe.

Maumivu yakipita miezi 3, madaktari huyaita maumivu sugu. Mara nyingi jeraha limeshapona, ila neva zimezoea kupiga kelele, kama mbwa wa boma anayebweka usiku kucha na huku fisi ameshakwenda zake. Eksirei inaonyesha mifupa. Kubweka haikuonyeshi.

Hata hivyo, msikimbilie kumnyamazisha mbwa kabla ya kuchungulia nje. Huku kwetu kwenye mifugo, maziwa mabichi huweza kuleta brusela, homa inayouma viungo na mgongo kwa muda mrefu. Hiyo hutibiwa kwa dawa za kuua vijidudu. Kifua kikuu nacho hushambulia uti wa mgongo. Mtu akiwa na mgongo unaouma pamoja na homa au kukonda, au miguu ikifa ganzi, au mkojo ukimtoka bila kutaka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Pale Karatu, hospitali ya FAME ilianzishwa na Frank Artress, daktari wa Marekani, pamoja na mkewe Susan Gustafson, na kazi ya daktari huyo kwao ilikuwa ya kutia wagonjwa ganzi. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba mtu aliyeishi kwa kufunga mageti ya maumivu alikuja kukaa karibu na Loduare.

Katika hospitali kubwa zipo njia nyingine za kulibana geti bila kupasuliwa. Daktari anaweza kuchoma sindano ya ganzi na dawa ya kutuliza uvimbe kwenye goti au karibu na neva inayosumbua, nafuu ikakaa wiki au miezi. Ipo hata sindano ambayo ncha yake hupata joto na kuunguza kineva kimoja kidogo kinachopeleka habari za maumivu. Hazimfai kila mtu.

Bibi hakuhitaji sindano. Alikutana na binti mmoja mtaalamu wa fiziotherapia, na neno la kwanza la binti yule lilikuwa, "Pole, bibi. Panauma wapi?" Kisha akakaa kimya akasikiliza mpaka mwisho. Alimfundisha kuchuchumaa kwa magoti anapookota kitu, kunyoosha kiuno asubuhi kabla ya kushuka kitandani, na kutembea. Siku za kwanza mpaka kwenye mti wa jirani tu, hata kama panauma kidogo. Wiki iliyofuata mpaka barabarani. Mimi nilipewa kazi ya kumsindikiza, na njiani alinisimulia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Kuni tulianza kubeba sisi.

Maumivu hayakwisha yote. Lakini asubuhi moja ya mnada nilimwamkia kama kawaida, naye akanijibu, "Marahaba, mjukuu wangu, twende," ameshika kikapu kwa mikono yote miwili.