Redio ya Kisumu Inafikaje Mwanhuzi?

Kuna usiku pale Mwanhuzi, hasa kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, redio inafanya vituko. Umeiweka kwenye kituo chako cha kila siku, mara kinakwaruza, mara kinapotea kabisa, na mahali pake anaingia mtangazaji anayeongea Kijaluo, sauti safi kama yuko hapo Maswa. Dakika kumi baadaye wa kwenu karudi, katikati ya sentensi, kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukimpelekea fundi atakwambia antena imekufa, na antena mpya ni hela.

Mara nyingi antena haina kosa lolote. Kilichobadilika ni hewa.

Tuanze na hali ya kawaida. Babu zetu waliosikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC kwenye masafa mafupi walikuwa wanapokea mawimbi yaliyopanda zaidi ya kilomita 100 juu, yakakuta tabaka la hewa lenye chembe za umeme, yakarudishwa chini bara jingine. Mawimbi ya FM, yale ya megahezi 87.5 hadi 108, yakifika huko kwa kawaida yanatoboa na kwenda zake. Kwa hiyo FM inategemea njia ya moja kwa moja kutoka mlingotini hadi kwako, na dunia nayo ni mviringo. Kukadiria ni rahisi: chukua urefu wa mlingoti kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1. Jibu ni kilomita ambazo wimbi linakwenda kabla ya mgongo wa dunia kulikinga. Mlingoti wa mita 100 juu ya tambarare unakupa kilomita 41. Uweke kilimani, jumla iwe mita 400, unapata 82. Sasa kutoka Mwanhuzi hadi Mwanza kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 150, na Kisumu ni zaidi ya 300. Hesabu inakataa.

Lakini hiyo 4.1 yenyewe ina siri. Kama dunia isingekuwa na hewa, tungezidisha kwa 3.6 tu. Ile ziada inatoka kwenye hewa, ambayo inalipinda wimbi kidogo kuelekea chini, kama maji yanavyouvunja mwanga ukaona kijiti kimepinda ndani ya glasi. Hewa ya chini ni nzito na ina mvuke mwingi, ya juu ni nyepesi, na wimbi linainama kuelekea kwenye nzito. Wataalamu wanapima uwezo huo wa kupinda kwa sehemu kwa milioni. Karibu na ardhi ni kama 300, na kwa kawaida unapungua kama 40 kila unapopanda kilomita moja. Ukipungua kwa kasi ya 157 kwa kilomita, wimbi linapinda sawasawa na mviringo wa dunia. Ikizidi hapo, linanaswa: likipanda linarudishwa chini, likishuka linadunda, linasafiri mamia ya kilomita kama maji kwenye mfereji.

Na Meatu inajua kutengeneza mfereji huo. Kiangazi mbingu ni nyeupe, hakuna wingu la kufunika joto, upepo umetulia. Jua likizama ardhi inapoa haraka, inaipoza hewa iliyoigusa, wakati hewa ya juu yake bado ina joto la mchana. Mpangilio unageuka: chini baridi, juu moto. Huhitaji kipimo kuliona hilo. Angalia moshi wa majiko jioni. Badala ya kupanda, unafika juu kidogo ya mapaa halafu unalala, umenyooka kama shuka. Usiku huohuo utasikia ngoma ya kijiji ambacho mchana hukisikii kabisa, maana sauti nayo inainamishwa na hewa hiyo (kwa sababu zake tofauti, lakini tabaka ni lilelile).

Upande wa kaskazini-magharibi kuna Ziwa Victoria, kilomita za mraba zipatazo 68,800 za maji yanayotoa mvuke mchana na usiku. Hewa kavu ikipita juu ya ile yenye mvuke, mpaka kati yao unakuwa mkali sana, na kwa mawimbi ya redio mvuke una nguvu ya kupinda kuliko hata joto. Ndiyo maana Kisumu, iliyo ukingoni mwa ziwa, ni rahisi kuifikiria kuliko mji wa umbali huohuo uliojificha nyuma ya milima.

Jambo hili si dogo wala si la kwetu peke yetu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, rada ya Waingereza iliyokuwa Bombay ilipokea mwangwi kutoka nchi kavu ya Arabuni, zaidi ya kilomita 1,500 ng'ambo ya bahari. Rada haikuwa na maajabu. Hewa juu ya Bahari ya Hindi ilikuwa imejipanga.

Kwa nini basi vituo viwili havisikiki kwa pamoja kama watu wanaobishana? Kwenye AM vingechanganyika. Redio ya FM ina tabia ya kumshika mwenye nguvu na kumnyamazisha mwingine, hata kama tofauti yao si kubwa. Mfereji ukiyumba kidogo, mshindi anabadilika. Fundi akiona hivyo anafungua kifuniko, ila asubuhi saa tatu, jua likishaikoroga hewa, redio "inapona" yenyewe na hela imeshakwenda.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa hili. Miezi hiyohiyo ya kiangazi ndiyo ya kuuza pamba, na mkulima anataka kusikia bei, si matangazo ya biashara ya nchi jirani. Halafu kuna darasani. Nikiwa TP wilayani huko, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliuliza: kitabu kinasema FM haivuki upeo wa macho, mbona jana nimesikia Kisumu? Swali kama hilo mtihani hauliulizi, na mwalimu aliyechoka atasema "ulisikia vibaya". Jamani, yule kijana alikuwa ameshafanya jaribio la fizikia bila maabara, kwa redio ya betri mbili.

Ukitaka kujaribu likizo hii, tumia simu yenye FM na uchomeke waya wa masikioni, maana huo ndio antena. Kwanza mchana orodhesha masafa yaliyo kimya. Kisha yapitie saa mbili usiku, na tena saa kumi na moja alfajiri, ambapo ardhi imepoa kabisa. Andika masafa, saa, lugha, upepo ulivyo na moshi ulivyolala. Usidanganywe na jina la kituo: kumsikia Radio Free Africa hakuthibitishi kwamba wimbi limetoka Mwanza, kwa kuwa wana mitambo mikoa mingi. Subiri tangazo linalotaja duka, barabara au mtaa. Usiku wa upepo lala tu, hutapata kitu.