Kilo 23 za kwenda Japani

Wilaya za Handeni na Korogwe hazipeleki watu wengi Japani, na wanaokwenda mara chache huenda kutalii. Anayekwenda ni afisa ugani aliyeitwa kozi ya mpunga Tsukuba kwa gharama za JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, au kijana aliyepata masomo ya uzamili kupitia mpango wa ABE uliotangazwa Yokohama mwaka 2013, au mfanyabiashara wa magari anayetaka kuona kwa macho yake huko yanakotoka. Japani yenyewe imekuja kwetu zamani. Simama stendi ya Korogwe asubuhi, uziangalie Coaster na Noah zinazoshika njia ya Handeni. Nyingine bado zina maandishi ya Kijapani mlangoni ambayo hakuna aliyejisumbua kuyafuta. Huenda yanamwomba abiria asiubamize mlango. Kama ndivyo, hayajasaidia.

Swali la nini kiingie kwenye begi linaonekana dogo mpaka siku mbili kabla ya safari, nyumba inapojaa ndugu na kila mmoja ana kitu chake cha kuchomeka. Tiketi nyingi za daraja la kawaida huruhusu begi la kilo 23, wakati mwingine mawili. Tatizo ni kwamba begi letu hufungwa kwa kuogopa ugeni na kuwaridhisha wenyeji tunaowaacha nyuma. Litajaa sabuni, dawa ya meno, blanketi na sufuria, vitu ambavyo Wajapani wanavyo kwenye kila mtaa na kwa bei isiyotisha. Vipewe uzito vitu vichache: vile ambavyo Japani haina, na vile ambavyo ukivikosa utakwama.

Tuchukue mji mmoja, Nagai, mkoani Yamagata, kaskazini mwa Tokyo. Nausema kwa makusudi. Ndio mji uliofungamanishwa na Tanzania wakati wa Olimpiki ya Tokyo, na Agosti 2025, kwenye TICAD, mkutano wa Japani na Afrika, huko Yokohama, JICA iliutaja kuwa mji wa nyumbani wa Tanzania. Lengo lilikuwa mabadilishano ya kawaida ya vijana na tamaduni. Habari ilipopita mikono miwili mitatu ikageuka: Japani imeigawia Tanzania mji. Wakazi wa Nagai, ambao hawafiki 30,000, wakaingiwa na hofu, malalamiko yakamiminika, na tarehe 25 Septemba mpango mzima ukafutwa. Aliyekuwa ameanza kufunga begi la kuhamia alifungue.

Kwa mgeni wa muda, mji bado upo na njia yake ni ileile: treni ya kasi kutoka Tokyo hadi Akayu, kisha kitreni kidogo cha reli ya Flower Nagai. Hapo ndipo ukubwa wa begi unapoanza kukuuma. Hakuna kondakta wa kulirusha juu ya keria, wala kijana wa kulibeba kwa jero. Wajapani wenyewe hulikwepa tatizo hili kwa kutanguliza mizigo kupitia kampuni za usafirishaji, begi linaondoka uwanja wa ndege na kukukuta hotelini. Mtu wa Korogwe hahitaji kuelezwa sana. Amekuwa akimkabidhi dereva wa basi gunia la mahindi liende kupokewa Dar es Salaam miaka yote. Tofauti ni kwamba kule hupigi simu mara tano kuuliza gari limefika wapi.

Cha kwanza kufungwa ni karatasi, na zisiingie kwenye begi kubwa. Mtanzania anahitaji viza, na viza hiyo hujengwa kwa barua ya mwaliko, maelezo ya mdhamini na ratiba ya safari. Nakala zake, pamoja na anwani kamili ya utakapolala, zikae mkononi hadi utoke uwanja wa ndege, kwa sababu fomu ya kuingilia nchini inaiuliza anwani hiyo na ofisa hatatosheka na jina la mwenyeji wako.

Baada ya karatasi huja chakula, na hapa ndipo familia nyingi zinapogombana. Ukitoka Tanga msimu wa embe au machungwa, si rahisi kuondoka mikono mitupu. Shangazi ataleta mfuko, na ukimwambia haviruhusiwi atauliza: hata mbili, mwanangu? Hata mbili. Matunda mabichi kutoka kwetu yanazuiwa kwa ajili ya nzi wa matunda, na nyama ya aina yoyote, iwe ya kukausha, ya kukaanga au soseji, haiingii bila cheti cha mifugo ambacho msafiri wa kawaida hana pa kukipatia. Tangu sheria ilipokazwa mwaka 2020, anayeingiza nyama kinyume cha utaratibu anaweza kufungwa hadi miaka 3 au kutozwa faini ya hadi yen milioni 3. Uwanja wa ndege wa Narita una mbwa wadogo wa kunusa mizigo. Ni wapole na hawabweki. Mmoja wao akikaa chini kando ya begi lako, ujue ameshaisoma nyama ya mjomba.

Zawadi hata hivyo lazima ziwepo, maana Wajapani ni watu wa zawadi kuliko sisi, na huzipenda ndogondogo, zimefungwa vizuri, kila mtu ofisini apate chake. Majani ya chai yaliyokwisha kusindikwa na kahawa iliyokaangwa havina mgogoro wa karantini. Kahawa ya Tanzania wanaijua zamani, wanaiuza kwa jina la Kilimanjaro hata ikiwa imelimwa Mbinga au Mbozi. Kwa hiyo mtu wa Korogwe ana nafasi nzuri zaidi kwenye chai. Milima ya wilaya yake ina mashamba ya Ambangulu na Dindira, na pakiti za robo kilo hukaa vizuri ndani ya viatu. Ongeza kanga mbili tatu. Kinyago cha mpingo chenye kilo nne waachie wanaosafiri na meli.

Nguo zinategemea mwezi, na Yamagata haina huruma upande wowote. Januari joto linazungukia nyuzi sifuri na theluji hurundikwa kando ya barabara kuliko kimo cha mtu. Mkoa huohuo, Julai 1933, ulipimwa nyuzi 40.8, rekodi iliyosimama kwa taifa zima la Japani hadi 2007. Mtu aliyezaliwa Korogwe akidhani joto ni mali yake atakutana na Agosti ya huko, yenye unyevu kama wa Tanga mjini na bila upepo wa bahari. Safari ya kiangazi haitaki koti hata moja. Shati za pamba zinatosha.

Kwa safari ya baridi, usikimbilie maduka ya Kariakoo. Nenda Manundu, hapohapo Korogwe, siku ya mtumba. Makoti mazito huja kwenye marobota na hayana mnunuzi mjini kwenye jua namna ile. Wanaoyachukua ni wapanda Lushoto na walinzi wa usiku. Kagua zipu, pindua mifuko, vuta mshono wa bega. Koti zuri utalipata kwa bei ya kuku, na yawezekana linarudi karibu na lilikotoka. Safiri umelivaa au umelishika mkononi, maana lililovaliwa halipimwi.

Viatu ni jambo la uzito zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Maduka mengi ya kawaida kule huishia kwenye sentimita 28, na mwanaume wa saizi 45 anaweza kuzunguka mji mzima akaishia kununua kandambili. Beba jozi mbili zilizokwisha kuzoea mguu, moja iwe ya kuvuliwa bila kufungua kamba. Utavua viatu nyumbani kwa watu, kwenye nyumba za wageni za kienyeji, shuleni, hekaluni, katika baadhi ya migahawa. Kuvua mlangoni tumekulia nako. Kinachotuumbua ni soksi. Zitazame kwenye mwanga kabla hujazifunga.

Vitu vidogo vinastahili aya moja. Vyoo vingi vya umma havina karatasi za kufutia mikono wala mashine ya kuikaushia, kwa hiyo leso ya mfukoni, ambayo vijana wetu wanaiona ya wazee, kule ni ya lazima. Mapipa ya taka yalipungua sana baada ya shambulio la gesi ya sarini kwenye treni za Tokyo mwaka 1995. Weka mfuko wa kubebea taka zako. Umeme wao ni wa volti 100 na plagi ya meno mawili bapa. Chaja ya simu itakubali ukiwa na adapta, bali pasi ya nywele ya hapa itabaki vuguvugu. Msala uende, hauna uzito. Kopo libaki: choo cha Kijapani kina bomba linalokusafisha kwa maji, tena ya uvuguvugu. Kwa jambo hilo Japani ni jirani wa Pangani kuliko ilivyo London. Aliyelelewa kwa bada na ugali ajue atakula wali, na asiyegusa nguruwe aulize kuhusu mchuzi, si nyama peke yake.

Kuna pia begi la kurudia, ambalo kwa kweli ndilo linalojadiliwa zaidi kijiweni. Simu, kamera, na fundi wa Handeni anayeomba kipuri cha Noah na kukupa namba zake kwenye kipande cha boksi. Acha nusu ya begi wazi kama unaona haya kukataa. Mimi ningekataa kipuri. Meli zinaleta makontena ya hivyo kila wiki.

Dawa nimeziweka mwisho kwa sababu ndizo zinazoweza kukupeleka polisi au kukuokoa. Dawa ya mafua yenye pseudoefedrini kuzidi asilimia 10 ni marufuku Japani, na ya kikohozi yenye kodeini kuzidi asilimia 1 huhesabiwa kuwa dawa ya kulevya. Kwetu mtu huingia duka la dawa, akanunua bila cheti, akasahau vidonge mfukoni. Pekua mifuko yote. Mwenye presha au kisukari anaruhusiwa kubeba dozi ya mwezi mmoja kwa matumizi yake. Kozi ikiwa ya miezi mitatu, lazima aombe mapema kibali kinachoitwa Yunyu Kakunin-sho kutoka wizara ya afya ya Japani, na cheti cha daktari kiambatane na dawa zikiwa kwenye pakiti zake.

Malaria ni habari nyingine. Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014, na kituo hakikuwekwa pale kwa sababu ya mandhari. Mdudu unaweza kuondoka naye kwenye damu bila dalili yoyote na akakulaza wiki mbili au tatu baadaye, katika mji ambao daktari wake huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa malaria tangu aanze kazi. Kabla hujaondoka, mwombe mwenyeji wako akuandikie kwa Kijapani kwamba umetoka Tanzania, eneo lenye malaria, na kwamba ukipatwa na homa damu yako ipimwe siku hiyohiyo. Karatasi hiyo ikae ndani ya pasipoti.