Manjano ya Kinuni

Kiungo cha jikoni kilichoipa jina rangi nzima ya ulimwengu hakikosi kuwa na daraja yake. Tutazamapo kiini cha yai, au ua la alizeti, au embe lililoivia mtini, twasema ni rangi ya manjano, bila ya kukumbuka kwamba hapo tumelitaja tunguu, yaani shina nene lijifichalo ardhini, ambalo mama zetu hulitwanga kinuni. Watamili wa kusini mwa Bara Hindi huliita manjal, na kwao pia neno hilo ni jina la kiungo na jina la rangi; wala hatastaajabia kufanana huko mtu ajuaye ni karne ngapi pepo za kaskazi zimekuwa zikiyaleta majahazi ya Bara Hindi katika bandari zetu.

Mmanjano ni ndugu wa tangawizi na iliki, ila hauzai mbegu za kuotesha. Kila shina ulionalo leo, likiwa Unguja au Pemba, Morogoro au Kerala, limetokana na kipande kilichokatwa na mkono wa binadamu katika tunguu lililotangulia, na mkono huo nao ulikipokea kutoka mkono mwingine, hata silsila ikarudi nyuma maelfu ya miaka. Lau wakulima wangeuacha kwa misimu michache tu, mmea huu usingekuwa na wa kuueneza.

Marehemu bibi yangu hakusoma elimu ya kemia. Mafuta yakisha kupata moto na kitunguu kikaanza kugeuka rangi, alitia manjano kiasi cha ncha ya kijiko, akakoroga mpaka harufu yake ya udongo ikaisha, ndipo akamimina tui. Na pilipili manga hakuiacha hata siku moja. Nilidhani alikuwa akitafuta ladha tu. Baadaye, nilipokwisha kuwa mtu mzima, nikasoma kwamba kitu kinachoyapa manjano rangi na sehemu kubwa ya sifa zake huitwa kurkumini. Kwamba katika unga mkavu ni takriban sehemu 3 kwa 100 tu. Kwamba hakiyeyuki vema katika maji bali katika mafuta. Na kwamba tumbo hupokea kidogo sana, na hicho kidogo ini hukiharakisha kukitoa. Mwaka 1998 wataalamu wa mji wa Bangalore waliwapa watu kurkumini pamoja na piperini, ambayo ndiyo ukali wa pilipili manga, wakakuta kiasi kilichoingia katika damu kimeongezeka mara 20. Basi mafuta, tui na pilipili manga, vitu ambavyo bibi alivirithi kwa waliomtangulia, vilikuwa vikiyafungulia manjano mlango ambao maji ya moto peke yake hayawezi kuufungua.

Matumizi yake mengine wasomaji wengi wanayajua. Samaki hupakwa manjano, chumvi na ndimu kabla ya kukaangwa ili shombo lipungue. Urojo wa Unguja hupata kwayo sura yake. Na biharusi wa pwani husingwa kwa manjano na liwa ili ngozi ing'are. Kuyatia jerahani ni desturi kongwe ya Wahindi, hata mwaka 1995 chuo kimoja cha Marekani kilipopewa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda, baraza la utafiti wa sayansi la Uhindi lilipinga, likatoa maandiko ya kale kuwa ithibati, na mwaka 1997 hataza hiyo ikabatilishwa. Nafurahi kila nikikumbuka hukumu ile, kwa kuwa ilikiri kwamba maarifa ya akina mama wa vijijini nayo ni maarifa.

Lakini mapenzi yangu kwa manjano hayanipi ruhusa ya kuyasifu kwa yasiyo nayo. Katika maabara, kurkumini imeonekana kutuliza uvimbe na kuzuia aina fulani za uharibifu wa chembe za mwili, na majaribio kadhaa madogo yameonyesha kwamba wagonjwa wa baridi ya magoti walipata nafuu ya maumivu. Zaidi ya hapo ushahidi ni haba: wanakemia walioyapitia mambo haya mwaka 2017 waliona majaribio ya tiba zaidi ya 120, wasione kati yake ushindi ulio thabiti. Jirani yangu mmoja mwenye kisukari aliacha dawa za tabibu akategemea bilauri ya manjano kila alfajiri, na kidonda cha mguuni kikamrudisha hospitali hali yake ikiwa mbaya. Kiasi cha mchuzini hakina neno kwa walio wengi. Ila vidonge vyenye kurkumini nyingi vimepata kuwadhuru watu ini, na mwenye vijiwe vya nyongo, au atumiaye dawa za kuzuia damu kuganda, amwulize daktari kwanza.

Adui mkubwa wa manjano ni ghashi. Huko Bangladeshi iligunduliwa kwamba matunguu yalikuwa yakisuguliwa kwa kromati ya risasi, rangi ya kiwandani ing'aayo mno, ili yaliyofifia yapate kuuzika. Na risasi ni sumu iharibuyo akili za watoto. Mwaka 2019 karibu nusu ya manjano yaliyopimwa katika masoko yake yalikuwa na sumu hiyo. Serikali ikawatoza faini wafanyabiashara na kuutangazia umma, na kufikia 2021 sumu hiyo haikuonekana tena katika sampuli za sokoni. Mimi kwa sababu hiyo hununua matunguu mabichi yenye udongo wake, nikayachemsha, nikayaanika juani siku kumi na zaidi hata yakawa magumu kama mfupa, ndipo nikayatwanga na kuyachekecha.

Unga wake huwekwa katika kopo lenye kifuniko, mbali na mwanga, maana jua huila rangi hii upesi. Jambo hilo lina faida yake pia: kanzu nyeupe ikidondokewa na mchuzi, sabuni huligeuza doa likawa jekundu kama damu, na mwenyewe akafadhaika, lakini aisuuze vizuri na kuianika palipo jua kali, na doa litafifia siku hadi siku. Na tunguu moja au mawili nisiyoyachemsha huyaacha pembeni mwa jiko mpaka macho yake yaanze kuchipua, masika yakikaribia, nikayafukia nyuma ya nyumba. Majani yakisha kukauka, baada ya miezi saba hadi kumi, huchimba tena.