Ngozi Ikikakamaa, Viungo Visilale

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Leo tutazungumza juu ya ugonjwa unaokakamaza ngozi na kukunja vidole. Jina lake ni skleroderma. Ni ugonjwa wa nadra, na kwa hiyo wengi hawaujui.

Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu vya maradhi. Katika ugonjwa huu askari hao huushambulia mwili wenyewe. Ndipo nyuzi nyingi kupita kiasi hutengenezwa ndani ya ngozi. Ngozi huwa nene, ngumu na yenye kubana. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume. Mara nyingi ugonjwa huanza katika umri wa miaka 30 hadi 50.

Dalili zake ni hizi. Wakati wa baridi vidole hupauka na kufa ganzi. Baadaye huvimba, kisha ngozi hukaza. Mdomo haufunguki vizuri. Wengine hupata taabu ya kumeza. Wengine hutokwa na madoa meupe, na majirani husema ni ukoma.

Ndugu msomaji, huu si ukoma, wala mgonjwa hakulogwa. Ugonjwa huu hauambukizi hata kidogo. Kula naye, kaa naye, msalimie kwa mkono.

Mgonjwa asiponyoosha vidole, hujikunja na kuganda. Hapo hata kushika jembe au kumega ugali huwa shida. Kwa hiyo afanye mazoezi haya mara mbili kila siku:

1. Weka mikono katika maji ya uvuguvugu kwa dakika chache. Yapime kwanza kwa kiwiko, maana vidole vyenye ganzi huungua upesi. Jikaushe, kisha paka mafuta.

2. Kunja ngumi polepole. Fungua vidole na kuvitanua.

3. Laza kiganja juu ya meza. Kwa mkono wa pili kandamiza vidole taratibu. Hesabu mpaka 10.

4. Fungua mdomo kadiri uwezavyo. Hesabu mpaka 10. Kisha vuta midomo pembeni kama mtu anayecheka.

5. Vuta pumzi ndefu, uitoe polepole. Hii husaidia kifua kisibane.

Ngozi ivutike, lakini usijiumize. Kidole kikiwa na kidonda, usikivute. Kwanza kionyeshe kwa mganga.

Mazoezi hayaponyi ugonjwa huu. Kazi yake ni kulinda viungo. Ugonjwa unaweza kuingia ndani, kwenye mapafu, moyo na figo. Kwa hiyo usiache dawa za daktari, na upimwe shinikizo la damu mara kwa mara. Ukiumwa sana na kichwa, macho yakififia au pumzi zikikatika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Jikinge na baridi. Vaa soksi na nguo nzito. Acha tumbaku, maana hubana mishipa ya damu.

Ukiona dalili hizi, nenda zahanati. Omba upelekwe hospitali kubwa. Hospitali za rufaa, kama Muhimbili na KCMC, zina wataalamu wa mazoezi ya viungo. Watakuonyesha mazoezi yanayokufaa.

Usingoje vidole vigande. Anza sasa, wakati bado unaweza kufunga ngumi na kuifungua.